Maneno ya pole msibani: mwongozo kamili kwa anayeogopa kukosea

Nina duka la stationari Igoma, hapa Mwanza. Nachapa barua na kutoa kopi, lakini kazi inayoniletea watu mpaka usiku ni ya misiba: tanzia, wasifu wa marehemu, picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Na karibu kila wiki mtu huinama dirishani akanong'ona, "Naomba uniandikie maneno ya rambirambi. Mimi nikianza naharibu."

Nimewaandikia wengi, na nimesoma mengi waliyojiandikia wenyewe. Wanaharibu mahali pamoja. Sentensi ya kwanza hawaikosei. "Poleni sana kwa msiba" haijawahi kumuumiza mtu. Ya pili nayo hupita. Inayoharibu ni ya tatu, pale kimya kinapomtisha msemaji akaanza kueleza kwa nini mtu amekufa, au kwa nini aliyefiwa asilie sana.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiwa na haraka, soma ya 1, ya 5 na ya 6.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujafungua mdomo

Jina la marehemu, yote mawili. La kwenye cheti utalihitaji kwenye kadi na barua. La nyumbani, yaani Mama Fulani, Babu, Mwalimu, utalihitaji kwenye mazungumzo. Watu wengi wa mtaani kwangu hawajui jina la cheti la jirani waliyekaa naye miaka 20. Uliza mapema, na usimuulize mfiwa.

Uhusiano wa unayempa pole na aliyefariki. Mjane, mtoto, shemeji na mkwe hawapewi pole ya aina moja.

Dini, na ikiwezekana dhehebu. Utaona kwenye hatua ya 4 kwa nini "Mkristo" peke yake haitoshi.

Msiba uko wapi na mazishi ni wapi. Kwa Mwanza haya mara nyingi ni mambo mawili. Turubai liko Buzuruga, kaburi linachimbwa Ukerewe, Sengerema, Magu au Musoma. Wanaosafiri na mwili wana pole yao ya ziada.

Kumbukumbu moja ya kweli. Moja tu. Ukikosa kabisa, usitunge.

Bahasha ya rambirambi, jina lako limeandikwa nyuma. Anayeshika daftari asilazimike kukuuliza herufi za jina lako huku watu wamepanga foleni.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni msiba kweli

Mtu anasikia kilio nyumba ya tatu, anatuma meseji ya rambirambi kabla hajajua nani amefariki, au kama kuna aliyefariki. Piga simu kwa ndugu wa pembeni, au muulize balozi wa nyumba kumi. Dakika kumi hazimpunguzii mfiwa kitu.

Huku ziwani hatua hii ina uzito wa pekee, nami nitakaa hapa kidogo. Mtumbwi ukipinduka usiku, asubuhi kunakuwa na familia imesimama mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, bila kujua imefiwa au haijafiwa. Wanaweza kukaa hivyo siku tatu, nne. Hapo hakuna marehemu. Yupo mtu ambaye hajaonekana.

Kwa hiyo usiseme "poleni kwa msiba". Sema "poleni kwa kusubiri". Na chunga sana wakati wa kitenzi chako. Niliwahi kusimama Kayenze na familia ya kijana aliyekuwa amekwenda kuvua dagaa. Mzee mmoja mwenye nia njema akamwambia mama yake, "Alikuwa kijana mzuri." Yule mama akageuka taratibu akamuuliza, "Alikuwa? Wewe umemwona wapi?" Mzee hakuwa na jibu, nasi wengine tukatazama maji.

Si ubishi wa mama tu. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, fundi mitambo mmoja alitolewa ndani yake akiwa hai siku mbili baadaye. Ndugu wa mtu ambaye hajaonekana wanaijua habari hiyo, wanaishikilia. Usiwanyang'anye.

Maneno yanayofaa mwaloni ni haya: "Tupo hapa nanyi." "Mitumbwi mingapi imeingia kutafuta? Mafuta yanatosha?" "Mama, kunywa chai kidogo, mimi nitaangalia maji." Mtaje aliyepotea kwa jina, na kwa wakati uliopo: "Juma anajua kuogelea." Endelea hivyo mpaka familia yenyewe ibadilishe lugha. Siku wao wakisema "marehemu", nawe utasema.

## Hatua ya 2: Chagua kitenzi cha kifo

"Amekufa" si tusi, ila mbele ya mfiwa linakata. Tumia "amefariki" au "amefariki dunia". "Ametutoka" linafaa kama nawe ulikuwa mtu wake. Mgeni kabisa akisema "ametutoka" watu watatazamana. "Ametangulia mbele za haki" ni zito na la heshima, wazee hulipenda.

Kosa ninalosahihisha mara nyingi zaidi kwenye karatasi ni "pole kwa kufiwa baba yako". Mtu hufiwa na baba yake. Vivyo hivyo "kuondokewa na mama", "kuondokewa na mume". Hiyo "na" ikikosekana sentensi inachechemea, na mwenye msiba akiwa mwalimu ataiona hata machozini.

Kuna pia "umempoteza mama". Wengi wanaitumia siku hizi. Mimi siiandiki, kwa sababu inasikika kana kwamba mfiwa ndiye aliyemsahau mama yake stendi ya Nyegezi.

"Hayati" tumezoea kuwapa viongozi na watu mashuhuri. "Marehemu" ni la kila mtu, nalo ndilo sahihi kwenye barua na mbele ya hadhara. Lakini ukiwa umekaa na mjane kwenye mkeka, siku ya pili tu, mwite mumewe kwa jina ambalo yeye alikuwa akimwita. Baba Neema ni Baba Neema. "Marehemu alikuwa anapenda sato" inamgeuza mume wa mtu kuwa kichwa cha habari.

## Hatua ya 3: Sema pole ya kwanza, kisha kaa

Ukifika msibani usianze na "habari za hapa?" Habari za hapo unazijua, ndizo zilizokuleta. Wazee wape shikamoo kwa sauti ya chini, kisha pole moja kwa moja.

"Pole sana, mama." "Poleni sana, mzee wangu." Ukiona nimemwambia mtu mmoja "poleni", sijakosea, huo ni wingi wa kumpa pole yeye na nyumba yake yote. Kwa mkuu wa familia ndiyo bora zaidi. Kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, au rafiki yako wa karibu, "pole" ya umoja ndiyo inayomgusa, maana inamtenga na lile kundi na kumwona yeye.

Kama marehemu aliugua muda mrefu, ipo pole inayotangulia nyingine zote, na watu wa mjini wanaisahau: "Poleni kwa kuuguza." Fikiria dada aliyelala kwenye kanga wodini Bugando au Sekou Toure wiki sita, akipanda na kushuka ngazi na chupa ya uji. Msiba umekuja leo, kazi aliifanya wiki sita. Ukisema "Poleni kwa kuuguza, na poleni kwa msiba," kwa mpangilio huo, umeonyesha kwamba uliiona kazi yake. Nimewaona watu waliokuwa wamekauka macho tangu asubuhi wakaanza kulia hapo, na hicho si kilio kibaya.

Ukiwa na bibi wa Kisukuma ambaye Kiswahili kwake ni cha kuazima, usihangaike kutafuta maneno. Mwanamke apige goti, mwanaume ainame, mshike mkono kwa mikono miwili, sema "pole, bibi". Inatosha kabisa. Na ile "makiwa" ya watu wa Pwani iache Pwani. Huku bibi atadhani umemuuliza kitu.

Kisha kaa chini. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana kukaa kimya dakika kumi na tano kunawatesa kuliko kusema.

Utajua imekwenda vizuri kama mfiwa atajibu "asante" na asiuachie mkono wako mara moja, au asiseme chochote ila asogee kidogo upate nafasi kwenye mkeka.

## Hatua ya 4: Pima maneno kwa dini ya nyumba ile

Wengi hutoka na "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi" kila mahali kama ufunguo mmoja wa milango yote. Hauingii milango yote.

Kwa Wakatoliki unaingia vizuri. Kwao pia utasikia "Raha ya milele umpe, ee Bwana," nawe ukiijua itikia: "Na mwanga wa milele umwangazie." Usiijue nusu, anayeanza kwa sauti kisha akakwama katikati anawalazimisha wafiwa wamsaidie yeye.

Kwa Wasabato, ambao ni wengi kandokando ya ziwa hili, na kwa walokole, marehemu haombewi. Kwa Msabato, aliyefariki amelala akisubiri ufufuo. Ukimwombea roho yake ilazwe peponi hawatakugombeza, lakini kutakuwa na kimya cha ajabu. Elekeza maneno kwa walio hai: "Mungu awafariji." "Bwana awatie nguvu." Kwa Msabato, "tutaonana asubuhi ya ufufuo" ni neno la nyumbani.

Kwa Waislamu, "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun" husemwa mara tu habari inapofika. Kisha "Allah amrehemu na amsamehe", na kwa wafiwa, "Mwenyezi Mungu awape subira". Fanya haraka, kwa sababu mazishi hayasubiri. Ukipanga kwenda kesho utakuta watu wametoka makaburini jana. Mjane atakaa eda miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Mwanaume asiye ndugu wa karibu na apitishe pole kwa mama, dada au mtoto wake.

Hujui dini yao? "Mungu awape nguvu" haijawahi kukosea nyumba yoyote ninayoijua.

Halafu kuna "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Ni maneno ya Ayubu 1:21, mazuri sana, lakini kumbuka nani aliyasema: Ayubu mwenyewe, kwa watoto wake mwenyewe. Rafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Walianza kuharibu siku walipoanza kumweleza. Mwachie mfiwa ayaseme yeye. Wewe itikia amina.

## Hatua ya 5: Sentensi ya pili ina jina na kumbukumbu

Baada ya pole, kama mfiwa ana nafasi ya kusikiliza, mpe kumbukumbu yako moja. Iwe fupi, iwe na kitu kinachoonekana.

Linganisha hizi. "Mama alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi na mwenye upendo." Sasa hii: "Mama alinipimia dagaa pale Mwaloni Kirumba miaka saba. Sado ikishajaa alikuwa anaongeza kiganja kimoja, halafu anasema hicho ni cha paka." Ya kwanza inafaa kwa kila mama aliyewahi kufariki. Ya pili ni ya mama mmoja tu, na mwanawe akiisikia atajua umezungumza juu ya mama yake kweli. Pengine hakuijua ile habari ya paka. Umemletea kipande kipya cha mtu ambaye alidhani ameshamjua wote.

Masharti ni machache. Iwe ya kweli. Isiwe juu yako: "mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi" ni kujitangaza. Isiwe na deni wala ugomvi ndani yake. Isizidi sentensi tatu.

Kama hukumfahamu marehemu, usijifanye. "Sikubahatika kumwona mzee, lakini nimekujua wewe, na nimeona alivyokulea." Inafaa kwa wafanyakazi wenzako wote.

Na kama marehemu alikuwa mtu mgumu, mlevi, mkali, aliyeitesa nyumba yake? Inatokea, na wateja huniuliza kwa aibu. Usimpambe, watoto wake wanajua ukweli, na sifa za uongo zinawaumiza mara ya pili. Rudi kwenye "Poleni sana, Mungu awape nguvu", kisha hamia hatua ya 6 sehemu ya msaada.

## Hatua ya 6: Izuie sentensi ya tatu

Haya ndiyo nimeyasikia, na sababu ya kuyaacha.

"Kazi ya Mungu haina makosa." Mfiwa akilisema mwenyewe, ameshika nguzo yake, mwitikie. Wewe ukimwambia mama aliyefiwa na mtoto wa miaka mitatu, umemwambia kwamba kilio chake ni kumkosoa Mungu.

"Bora amepumzika." Sawa na hilo. Subiri aliyeuguza aseme kwanza.

"Jikaze, wewe ni mwanaume." Mwambie, "Lia tu, kaka, tupo." Wanaume wamekaa nje chini ya turubai wakizungumza mpira mpaka saa nane usiku kwa sababu hakuna aliyewaambia neno hilo.

"Utapata mwingine." Kwa waliofiwa na mtoto mchanga, au mimba iliyoharibika. Hata wakipata wanane, huyu hakuwa "mwingine". Sema "Pole sana, mama" na umwulize kama alimpa jina. Kama alimpa, litumie. Usimsahau baba, pole zote huenda chumbani kwa mama, yeye anabaki kufungua geti.

"Kwani aliumwa nini?" na mdogo wake mbaya zaidi, "Hamkumpeleka Bugando mapema?" La kwanza ni udaku, la pili ni hukumu. Wakitaka kukueleza watakueleza, na wengi hueleza. Kama inasemekana alijiua, usiulize njia, usiulize barua, usiseme lolote juu ya dhambi.

"Hapa kuna mkono wa mtu." Hili naliweka peke yake. Wengine hulisema kumwonyesha mfiwa kwamba wako upande wake. Kanda hii ya ziwa vikongwe wameuawa kwa maneno yaliyoanza hivyo msibani, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni. Usiliseme, na likisemwa mbele yako usilitikisie kichwa. "Tuzike kwanza" ni jibu tosha.

"Ukihitaji chochote niambie." Halina ubaya, ila halina kitu ndani. Mfiwa hawezi kuanza kupanga mahitaji yake akutumie orodha. Badilisha liwe jambo lenye saa: "Kesho saa 12 asubuhi naleta madumu manne ya maji." "Watoto nitawapeleka shule mpaka Ijumaa." "Nina sufuria mbili kubwa, ziko njiani na bodaboda." Kwa wanaosafirisha mwili: "Poleni na safari. Nimemwachia dereva chupa mbili za chai, mtakunywa mkifika kivukoni." Hiyo ni pole, hata kama haina neno "Mungu" wala "marehemu".

Neno dogo juu ya watani. Utawaona msibani wakilala kwenye jeneza, wakidai deni la marehemu, wakiwachekesha hata wafiwa. Wana ruhusa yao na wanaijua mipaka yake. Wewe kama si mtani, usiige hata kidogo.

## Hatua ya 7: Ujumbe wa simu

Sasa aibu yangu. Miaka michache iliyopita niliuhifadhi ujumbe mmoja mzuri wa rambirambi kwenye simu, nikawa nautuma nikibadilisha jina tu. Siku moja rafiki yangu wa tangu shule alifiwa na baba yake. Nikabadilisha jina juu. Chini nikaacha, "Mama ametuachia pengo kubwa." Mama yake alikuwa amekaa pembeni yake, mzima. Alinijibu neno moja: "Asante." Sijahifadhi ujumbe tena.

Andika upya kila mara. Unahitaji mistari minne tu: pole, jina, kumbukumbu au msaada, na ruhusa ya kutokujibu.

Kwa rafiki: *"Pole sana ndugu yangu. Nimepata habari za Babu sasa hivi. Nakumbuka alivyokuwa akitufukuza kwenye mpera halafu anatuita tuje tuchukue mapera. Kesho jioni nafika Pasiansi. Usihangaike kujibu."*

Kwa bosi au mtu wa heshima: *"Shikamoo mama. Nimepokea kwa masikitiko taarifa za kuondokewa na mzee. Poleni kwa kuuguza na poleni sana kwa msiba. Mungu awape nguvu wewe na familia. Kazi za wiki hii tumegawana, zisikusumbue."*

Kwa aliye mbali na nyumbani, ambaye hawezi kuwahi mazishi, na hawa huumia mara mbili: *"Pole sana dada. Najua leo unatamani kuwa Nansio. Mimi nitakuwepo makaburini. Nitakupigia tukirudi nikueleze yote, au nikae kimya tu kwenye simu, utakavyo."*

Maonyo ni manne. Usiandike RIP, ni herufi tatu zinazoonyesha kwamba ulikuwa na sekunde tatu. Usitume picha ya maua iliyojaa kila simu mjini. Usiweke picha ya marehemu kwenye hali ya WhatsApp kabla familia haijatoa tanzia, maana kuna mtoto yuko bwenini hajaambiwa bado. Na kwenye kundi, watu 80 wakishaandika "pole", ya 81 haisomwi, mwandikie pembeni.

Ukituma rambirambi kwa simu, tuma ujumbe tofauti wenye jina ulilozoeleka nalo. Laini nyingi zimesajiliwa majina ya cheti, na daftari linajaa watu wasiojulikana.

## Hatua ya 8: Kadi, kitabu cha maombolezo na barua ya ofisi

Kwenye kitabu cha maombolezo una mstari mmoja au miwili. Nyuma yako kuna foleni. Jina lako, unakotoka, neno moja kwa familia. Basi.

Barua ya ofisi ianze na YAH: SALAMU ZA RAMBIRAMBI. Taja marehemu kwa jina kamili, uhusiano wake na mtumishi wenu, na tarehe ya kifo kama mna uhakika. Usichanganye na mambo ya mafao, likizo, au kurudisha vifaa vya ofisi. Nimewahi kuletewa rasimu iliyompa mjane pole kwenye aya ya kwanza na kumdai funguo za stoo kwenye aya ya pili. Nilikataa kuichapa mpaka zikawa barua mbili.

Kagua haya kabla ya kupiga muhuri: ni "Mungu ailaze roho", si "alaze roho", ni "mahali pema", si "mahali mwema", na rambirambi "zinatolewa", hazi"pewi".

## Hatua ya 9: Ukiitwa kutoa salamu mbele ya watu

Dakika mbili. Andika kwenye nusu karatasi, kwa herufi kubwa, kwa sababu mkono utatetemeka. Usiseme "itifaki imezingatiwa" kisha ukataja watu kumi na tano.

Mpangilio unaofanya kazi: wewe ni nani na unasimama kwa niaba ya nani, pole kwa wafiwa ukiwataja mjane au mgane, watoto, wazazi kama wapo, kumbukumbu moja, mlichokuja nacho, bila kutangaza kiasi isipokuwa utaratibu wa pale unataka hivyo, kisha kaa. Siasa hapana. Matangazo ya kikundi chenu hapana. Kama maziko ni ng'ambo ya maji, punguza hata hizo dakika mbili, kwa maana kivuko kina saa yake na anayeongoza shughuli anaitazama.

Sauti ikikatika katikati, nyamaza, pumua, sema "Poleni sana" na urudi kukaa. Hakuna atakayesema ulishindwa.

Wakati wa kuondoka msibani usiage kwa shangwe wala usitegemee kuambiwa "karibu tena". Mwenye msiba halisemi hilo, kwa sababu hataki urudi tena kwa jambo kama lile. "Tunaomba tuwaache, Mungu awe nanyi" inatosha.

## Hatua ya 10: Baada ya turubai kushushwa

Watu 300 wiki ya kwanza, wanne wiki ya tatu. Ukiwa ulichelewa msiba, au uliharibu kwa sentensi ya tatu, nafasi yako ni hii.

Weka alama kwenye simu: siku ya arobaini, siku ya kuzaliwa ya marehemu kama unaijua, na Krismasi au Idi ya kwanza. Kama uliharibu, sema hivi: "Dada, siku ile niliongea vibaya. Nisamehe." Usieleze ulimaanisha nini.

Usimuulize kama ameshazoea. Usimwambie maisha lazima yaendelee. Mtaje marehemu, kwa sababu wengine wote wameacha kumtaja wakidhani wanamsaidia. Yule binti wa muuza dagaa nilimpigia mwezi wa pili nikamwambia tu, "Leo nimepita Mwaloni, nimenunua sado moja. Huyu wa sasa haongezi kiganja."

Alicheka mpaka nikasikia anatafuta kitambaa. Kisha akaniuliza kama yule paka bado yupo.